Mashimo Manne Niliyoyasoma Vibaya

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na mbili. Najua neno hilo lina wenyewe, na wenyewe huwa na mvi, cheti cha shukrani na sherehe ya kuagwa yenye soda. Mimi niliagwa kwa ujumbe wa simu ulioanza na "Habari za asubuhi wote". Nikarudisha funguo za banda la mawe, nikatembea kwa miguu hadi nyumbani, hapa hapa Sumbawanga mjini, nikiwa na ndoo moja ya vitu vyangu. Mradi wetu wa kutafuta madini ulikuwa umefungwa. Miaka minane ya kusoma mawe iliisha kabla ya saa nne asubuhi. Kwa kuwa sijui kazi nyingine, hali hii nimeamua kuiita kustaafu. Inasikika vizuri kuliko jina lake lingine.

Sasa nasikia banda limepata wenyewe wapya, na ninyi vijana watatu mmepewa kazi ya kuyasoma upya masanduku yote ya mawe tuliyoyachoronga kule kwenye miteremko kati ya Chala na ziwa. Mmoja wenu alinipigia simu akaniuliza kwa adabu kubwa mno, "Dada Leokadia, samahani, hivi mashimo namba tatu hadi namba sita aliyeyaandika alikuwa nani?" Swali lenye adabu ya namna ile huwa limeshagundua kitu. Aliyeyaandika ni mimi. Nikamwambia nitajibu kwa maandishi. Karatasi hizi nimeziandika mara sita, kwa hiyo mkikuta sentensi imenyooka kupita kiasi mnisamehe. Ni ugonjwa, na ugonjwa wenyewe ndio nitakaoueleza.

Habari za vyeo na mshahara sitazigusa. Vyote viwili vilikuwa vifupi.

Siku ya kwanza nilifika bandani kabla ya saa moja asubuhi, mwezi wa saba, upepo wa Sumbawanga ukikata masikio. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne miaka kadhaa nyuma, kwa matokeo ambayo mama yangu aliyasoma mara moja tu akayakunja. Aliyenipokea ni Mzee Remigius, Mfipa wa Chala, aliyeingia kazi hii akiwa kibarua wa kubeba mabomba, na kwa miaka mingi ya kuangalia akawa msomaji wa mawe kuliko waliosomea.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti. Unajua kuosha vyombo?"

"Najua."

"Basi nusu ya kazi unaijua. Haya masanduku yana tope. Osha, tuone sura za mawe."

Mnaijua kazi, lakini nieleze kwa ajili ya mwingine atakayesoma. Mtambo wa kuchoronga huleta juu jiwe refu la mviringo, nene kama mchi wa kinu, ndiyo maana sisi tuliliita mchi. Mchi hupangwa kwenye masanduku kwa mpangilio uleule uliotoka ardhini, na kila baada ya kipande mchorongaji huweka kibao kidogo cha mbao chenye namba ya kina: hapa mita arobaini, hapa arobaini na tatu. Bila kibao, jiwe ni jiwe tu. Halina anwani.

Mzee akaenda mjini kufuatilia gari. Nikaosha. Nikaona vibao navyo vina tope. Nikavitoa vyote, nikavisugua kwa sabuni, nikavianika ukutani kwenye jua, vimepangwa kwa namba kuanzia ndogo hadi kubwa. Nilirudi nyuma hatua tatu kuvitazama. Sijawahi kujivunia kazi ya mikono yangu kama nilivyojivunia ile.

Mzee aliporudi alisimama mbele ya ule ukuta.

"Vibao vimependeza sana," akasema. "Sasa niambie kila kimoja kilikuwa wapi."

Tulitumia siku mbili kuvirudisha. Alinifundisha kuchukua ncha mbili za mchi uliovunjika na kuzizungusha taratibu mpaka zishikane, kama unavyounganisha kigae cha chungu na mwenziwe. Aliweza kukumbuka kwamba jiwe lenye mstari mweupe lilitoka baada ya chakula cha mchana, kabla mvua haijanyunya. Hakunikaripia hata mara moja. Angenikaripia ningelia, nikasahau. Kwa kuwa hakunikaripia, nakumbuka mpaka leo.

Baada ya hapo nikaapa kwamba sitakosea tena. Hicho ndicho kiapo cha hatari kuliko vyote, lakini nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nikapata kitabu cha Kiingereza cha miamba, hakina jalada wala kurasa za mwanzo, nikawa nakisoma na kamusi pembeni. Video fupifupi za kwenye simu nilizitazama bila sauti, ili kuokoa bando. Nikaandika kila nilichojifunza kwenye daftari lenye mistari niliyoipiga kwa rula. Nilikuwa na rula mbili, moja ya akiba.

Lakini namna madini yetu yanavyozaliwa sikuielewa kitabuni. Niliielewa shambani, siku tunakula mchana kando ya shamba la watu karibu na eneo la kuchoronga. Mbele yetu kulikuwa na ntumba, yale matuta ya mviringo ambayo Wafipa hufukia majani ndani yake mvua zikikaribia kwisha.

"Ndani ya tuta kuna nini?" akaniuliza Mzee.

"Majani."

"Yanafanya nini humo?"

"Yanaoza."

"Sasa shika hapohapo. Usiachie."

Akanieleza huku akitafuna muhindi. Zamani sana palikuwa na bahari ya kina kifupi, na magamba na tope lake jeupe vikagandamana vikawa jiwe la chokaa. Mbali na hapo, chini sana, kulikuwa na matope mengine mazito yenye maji ya kale ndani yake, maji ya chumvi kali. Ardhi ilivyozidi kuyalemea, maji yale yakapata moto, yakaminywa, yakaanza safari. Njiani yakadokoa risasi kidogo na zinki kidogo kutoka kwenye kila mwamba yaliopita, kama mtu anayepita jikoni akidokoa nyama, hakuna anayeona imepungua. Yakasafiri mbali, yakifuata matundu na nyufa za miamba, yamebeba mzigo bila kuuonyesha.

"Yakafika kwenye chokaa," nikasema.

"Chokaa ni mwenyeji mzuri. Maji humla, anabaki na mapango na mianya. Lakini nafasi peke yake haitoshi. Lazima pawe pameoza kitu." Akaelekeza muhindi kwenye matuta. "Viumbe vya kale, majani ya baharini, vikioza bila hewa vinatoa ile gesi ya yai viza. Hiyo ina salfa. Maji ya moto yakikutana nayo, risasi na zinki vinashuka hapohapo, kama maziwa yanavyokatika ukiyakamulia limau."

Na kuna jambo la tatu, ambalo ndilo litakalokuja kuniumbua. Maji yaleyale ya moto yakipita kwenye chokaa huibadilisha kuwa jiwe la jamaa yake, dolomaiti. Dolomaiti hunywea kidogo kuliko chokaa ilivyokuwa, kwa hiyo huacha matundu, na paa za mapango huporomoka na kuvunjikavunjika. Katikati ya vile vipande ndipo madini hujipenyeza. Kwa hiyo anayetafuta zinki hatafuti zinki kwanza. Anatafuta dolomaiti, kwa sababu dolomaiti ni nyayo za msafiri.

"Kwa hiyo madini ni abiria aliyeharibikiwa na gari njiani," nikasema, nikijiona mwerevu.

"Gari halikuharibika," akasema Mzee. "Alifika kijiji chenye harufu, akashuka."

Niliyaandika hayo yote daftarini, isipokuwa la harufu. Nililiona si la kitaalamu.

Kuhusu vifaa sina mengi: kisu, lenzi ya kuning'iniza shingoni, kalamu isiyofutika kwa maji, na kichupa cha asidi hafifu chenye kidondoshi. Jiwe la risasi, galena, halihitaji fundi; ni zito, linang'aa kama kioo kilichovunjika, na hukatika pembe nne kama kipande cha sukari. Jiwe la zinki ndilo jeuri. Linaweza kuwa jeusi, kahawia au la manjano, na mtu mzima anaweza kulikalia akala chakula chake juu yake. Kwangua, dondoshea asidi, unuse. Likinuka yai viza, umempata. Ndiyo kazi pekee ninayoijua ambamo harufu mbaya ni habari njema.

Wanakijiji hawakuwahi kuielewa furaha yetu. Kwenye mkutano wa kwanza wa kijiji, bosi wetu, mjiolojia Haule, alisimama akaeleza kwamba tunatafuta zinki na risasi. Mgambo aliyekuwa amesinzia akafumbua macho yote mawili. Mama mmoja akanyoosha mkono.

"Na dhahabu?"

"Hapana, mama."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Basi tafuteni taratibu, msikanyage ulezi wetu."

Hiyo ndiyo ilikuwa ridhaa ya jamii, na Haule aliiandika hivyo kwenye taarifa. Wengine walitukumbusha kwamba Zambia kuna Kabwe yenye risasi na zinki, wakatushauri tukajaribu Kabwe yetu ya hapa Nkasi. Tulikwenda. Ni bandari ya wavuvi; ina migebuka mizuri sana.

Sasa nifike kwenye mashimo yenu.

Eneo letu lilikatwa na ufa mkubwa wa miamba. Mashariki ya ufa tulichoronga shimo la kwanza na la pili, Mzee Remigius akayasoma mwenyewe, akakuta dolomaiti kiasi na punje chache za zinki. Yeye kwa miaka yote alikuwa akishikilia kwamba kilichonona kiko magharibi, upande wa ziwa. Aliwahi kuokota huko, kwenye kijito, kipande cha galena chenye ukubwa wa kidole gumba, na alikitembeza mfukoni kama mtu aliyebeba barua ya mwanawe. Haule akamsikiliza. Yakachorongwa mashimo manne magharibi, namba tatu hadi sita. Mzee alibaki mtamboni kule milimani, na masanduku yakaletwa bandani kwa lori ili niyasome mimi, peke yangu, kwa mara ya kwanza.

Mzee alikuwa amenionyesha kipimo cha asidi siku nyingi. Dondosha juu ya jiwe kama lilivyo. Likichemka povu kwa nguvu, chokaa. Likikaa kimya, au likinong'ona tu, kuna uwezekano ni dolomaiti. Nilimtazama akifanya hivyo nikamwona anafanya harakaharaka, kizamani. Kwenye simu nilikuwa nimeona video ya mtu mwenye glavu safi, anakwangua jiwe kwanza kwa kisu, unga unatoka, ndipo anadondosha. Hiyo ndiyo sayansi, nikajiambia. Nikawa nakwangua kila jiwe, kila mahali, kabla ya kudondosha. Nilikuwa nataka sehemu safi.

Alichokuwa anasema yule wa kwenye video, na mimi nimezima sauti, bila shaka ni kwamba dolomaiti ikisagwa kuwa unga nayo huchemka. Kwa hiyo ndani ya banda langu kila jiwe lilichemka. Nikaandika chokaa, chokaa, chokaa, kurasa kwa kurasa, kwa mwandiko ambao ungeweza kuufunga kwenye fremu. Vipande vilivyopelekwa maabara ni vile tu vilivyoonyesha kubadilika. Kwa daftari langu, hakuna kilichobadilika. Hakikupelekwa kitu.

Haule akatuita wote kambini, akafungua daftari, akasema magharibi hakuna nyayo za msafiri. Shimo la saba, ambalo ndilo la mwisho kabla wenye mradi hawajaamua kuendelea au kufunga, litachorongwa mashariki. Mzee akauliza, "Namba nne pia? Mimi niliona rangi imegeuka." Haule akamgeuzia daftari. Mzee akalisoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Kisha akavua kofia, mbele ya wachorongaji wote, akasema, "Basi mnisamehe. Nimewasumbua miaka mingi. Macho yangu yamekwisha." Wiki ileile akaomba kuondoka baada ya shimo la saba. Na mimi, mnisikie vizuri, mimi nilimfuata nje nikampa pole.

Niligundua Ijumaa moja, kwa sababu ya uvivu, jambo ambalo sikuwa nalo kabla. Kisu changu kilikuwa kimeazimwa kukatia kamba. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi kwa baridi. Nilitaka tu kuhakiki kipande kimoja cha shimo namba nne, nikadondosha asidi juu yake bila kukwangua. Kimya. Nikadhani asidi imeisha nguvu. Nikadondosha kwenye chokaa ya sanduku la jirani: povu likapanda kama dobi amekoroga sabuni. Nikarudi kwenye kipande. Kimya. Nikakikwangua kwa msumari, nikadondosha juu ya unga. Kikachemka.

Nilikaa chini kwenye sakafu ya saruji. Halafu nikainuka nikarudia, jiwe baada ya jiwe, mpaka kichupa kikaisha, nikitumaini kwamba mahali fulani sayansi itanionea huruma. Haikunionea. Shimo namba nne lilikuwa na dolomaiti mita kwa mita. Namba tano pia. Mtambo ulikuwa umeshavutwa mashariki, kazi ianze Jumatatu.

Nitakiri na hili, maana bila hili mengine ni mapambo. Jumamosi yote nilifikiria kunyamaza. Hakuna ambaye angejua. Shimo la saba lingetoka tupu, mradi ungefungwa, Mzee angekwenda shambani kwake akiamini kwamba amezeeka, na sifa yangu ya kutokosea ingebaki nzima. Nilipanga hata maneno. Kilichonishinda si uadilifu. Ni kwamba nilijua daftari lina kosa, na mimi siwezi kulala nyumba moja na kosa.

Jumapili nikapanda basi la Namanyere nimepakata begi la mawe. Kondakta akaniuliza ni mahindi gani mazito hivyo. Nilishuka Chala nikamkuta Mzee ametoka misani, bado amevaa koti, anapukuchua mahindi uani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mbona umebeba ukoo mzima begani?"

Nikapanga vipande kwenye benchi, nikadondosha asidi. Akainama.

"Hili halichemki. La wapi?"

"Shimo namba nne."

"Uliandika chokaa."

"Niliandika chokaa." Nikakwangua, nikadondosha tena, povu likaja. "Nilikuwa nakwangua kwanza, mzee. Yote. Mashimo yote manne."

"Nilikuonyesha ukwangue?"

"Hapana. Nilikuona unadondosha tu. Nikadhani unavivia."

Aliendelea kupukuchua muhindi mmoja mpaka ukabaki gunzi.

"Nilimwambia Haule mbele ya watu macho yangu yamekwisha."

"Nilikuwepo."

"Nikawaomba radhi. Wachorongaji wale, vijana."

"Nilikuwepo, mzee."

"Na wewe ukanifuata nje ukanipa pole."

"Nilikupa pole."

Akaangalia gunzi. "Daftari lako lilikuwa zuri, binti. Nililisoma nikasema, mtu anayeandika hivi hawezi kukosea. Kwa hiyo aliyekosea ni mimi." Akaingia ndani. Nilifikiri amekwenda kukaa mbali na mimi, na ningemwelewa. Akatoka na viatu vya kazini mkononi.

"Leo Jumapili, mzee," nikasema.

"Na kesho Jumatatu. Mtambo hauna dini."

Kambini tulimkuta Masanja, Msukuma msimamizi wa wachorongaji, anapaka bomba grisi. Alivyosikia akaweka brashi chini.

"Dada, nimevuta huo mtambo siku tatu. Nimechimba kidimbwi cha maji. Nimetandika maturubai. Hata kuku wangu wameshazoea hapa."

"Samahani, kaka Masanja."

"Samahani haivuti mtambo."

Haule alikuja na kikombe cha chai. Akachukua kichupa kwangu, akafanya mwenyewe, bila kukwangua, halafu kwa kukwangua. Akafanya vipande vitano. Chai ikapoa.

"Leokadia," akasema, "madaftari yote hapa huwa nayahakiki. Ya Mzee, ya vibarua, hata yangu. Unajua lipi sikuwahi kulihakiki?"

"Langu. Kwa nini, bosi?"

"Lilikuwa limenyooka."

Akatupa siku mbili kuyapitia mashimo manne upya. Tuliyapitia Mzee na mimi, yeye anasoma, mimi naandika. Niliomba ruhusa ya kunakili kila kitu kwenye daftari jipya na kulichoma lile la zamani. Haule akakataa. Akanipa kalamu nyekundu. "Andika juu ya kosa, kosa libaki linasomeka. Atakayekuja ajue kwamba hapa mtu aliwahi kukwangua." Ndiyo maana mnaona kurasa zile zimejaa wekundu kama mtihani wa mtoto mzembe, na ndiyo jibu la swali la simu. Fuateni nyekundu. Nyeusi ni mimi, na nyekundu ni Mzee Remigius. Na ninyi mkipima, dondosheni kwanza. Kisu baadaye.

Mtambo ukavutwa kurudi magharibi. Masanja hakuongea na mimi kwa wiki nzima, isipokuwa mara moja kuniambia kuku mmoja amepotea katika kuhama. Mzee akachagua mahali kwa kutembea. Alipita juu ya kijito, akasimama, akarudi hatua chache, akachomeka kijiti. Haule akapima mahali pa kijiti kwa vifaa vyake na ramani zake, akasema hata yeye angechagua karibu na hapo. Mzee akamshukuru kwa kumuunga mkono.

Niliomba nikae mtamboni. Sikuwa na kazi kule, mchi ungekuja bandani kama kawaida, lakini sikuweza kusubiri lori. Siku za kwanza ilitoka chokaa, ya kijivu, inachemka bila kukwanguliwa. Mzee alikuwa anakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, ametulia, anatazama kila mchi ukilazwa sandukuni. Wachorongaji walikuwa wanamtazama yeye. Walikuwepo siku ile alipovua kofia.

Halafu asubuhi moja maji yanayotoka shimoni yakabadilika rangi. Masanja akapunguza mwendo wa mtambo. Mchi uliofuata ulitoka wa kahawia, vipandevipande, na katikati ya vipande kuna mianya yenye fuwele nyeupe. Mzee akaenda mwenyewe, akapiga magoti kwenye tope. Akadondosha: kimya. Ndani ya fuwele kulikuwa na kitu cha rangi ya sukari guru, kinang'aa kidogo kidogo ukiligeuza jiwe. Akakikwangua kwa kisu, hapo sasa ndipo pa kukwangua, akadondosha, akanusa. Akampa Masanja anuse.

"Yai viza," akasema Masanja, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki akanitazama. "Dada, yai viza!"

Wachorongaji wakapiga makofi kwa ajili ya harufu ile. Chini kidogo kulikuwa na galena, pembe nne nne, zinakuonyesha sura yako vipandevipande. Tulichoronga kwa tabasamu.

Nilipima mimi. Tabaka lenye madini lilikuwa refu kama kutoka ncha ya vidole hadi kiwiko changu, na mimi si mrefu. Haule akasubiri mita iliyofuata, na kumi zilizofuata. Ikarudi chokaa ya kijivu, inachemka kwa furaha. Msafiri alipita hapa, alishuka, alikunywa maji akaondoka. Haule akakaa kwenye ngazi ya lori akafanya hesabu zake mara mbili, kisha akaja pale tulipokuwa.

"Ni yenyewe kabisa," akasema. "Lakini haitoshi, Mzee. Kwa mgodi haitoshi. Watafunga."

Akaondoka kwenda kutafuta mtandao wa kuwapigia simu wenye mradi. Wachorongaji wakaanza kufungua mabomba. Mimi nilibaki nimesimama na daftari, na maneno ya pole yakanijia mdomoni, nikayameza, maana pole yangu kwa mzee huyu ilikuwa imeshafanya madhara ya kutosha.

"Umesikia, mzee," nikasema. "Haitoshi kuchimba."

"Nimesikia. Sijafa masikio." Alikuwa bado amepiga magoti, uso umekaribia jiwe, lenzi jichoni. "Mimi sikuomba mgodi, binti. Nilitaka kujua kama bado naona."

Akageuza kipande taratibu kwenye mwanga, akakirudisha mahali pake, karibu na kibao chake.

"Andika," akasema. "Dolomaiti, ya kahawia. Imevunjikavunjika. Zinki, rangi ya sukari guru."

Nikaandika alivyosema.